Bei Iliyoshindwa Kufika Krismasi

Tarehe 28 Julai 2011, Nintendo ilitangaza kwamba konsoli yake mpya ya mkononi, 3DS, ingeshuka bei, tena kwa kishindo. Japani ingetoka yen 25,000 hadi 15,000, na Marekani ingetoka dola 249.99 hadi 169.99. Ilikuwa haijatimiza hata nusu mwaka sokoni. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alipunguza mshahara wake kwa nusu, na wakurugenzi wenzake nao wakakatwa yao.

Kusema tu kwamba 3DS ilikuwa ghali hakutoshi. Ni kweli kwamba mtangulizi wake, DS, aliingia sokoni Japani mwaka 2004 kwa yen 15,000, kwa hiyo mnunuzi aliombwa kuongeza yen 10,000 ili apate kioo kinachoonyesha picha za pande tatu bila miwani. Lakini ghali ni neno la kulinganisha. Mtu hupima fedha anayotoa kwa kile anachopata siku hiyo hiyo, na hapo ndipo tarehe inapoingia.

3DS ilitoka Japani tarehe 26 Februari 2011, na Marekani tarehe 27 Machi. Krismasi ilikuwa imeshapita. Wiki mbili baada ya uzinduzi wa Japani nchi hiyo ikapigwa na tetemeko na tsunami. Aliyenunua mwezi Machi alifungua boksi akakuta hakuna gemu mpya ya Mario, na duka la mtandaoni la kupakulia gemu lingefunguliwa Juni. Alikuwa amelipia ahadi. Hadi Machi 31 ziliuzwa konsoli milioni 3.61, wengi wa wanunuzi wakiwa wapenzi wa kampuni ambao hununua lolote litokalo. Walipokwisha hao, miezi mitatu iliyofuata dunia nzima ilinunua 710,000 tu.

Madhara ya kudorora huko hayaishii dukani. Kutengeneza gemu kubwa huchukua mwaka au zaidi, na studio haianzi kabla ya kuuliza ni watu wangapi tayari wana kifaa hicho. Wakiwa wachache, kazi huahirishwa. Gemu zikikosekana, wanunuzi nao hungoja. Kwa maoni yangu hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote za bei ya kwanza iliyokosewa, kwa sababu haionekani kwenye hesabu za mwezi huo.

Ndiyo maana naiheshimu hatua ya Nintendo. Bei mpya ilianza kutumika katikati ya Agosti, ikawapa maduka muda kabla ya sikukuu. Novemba ikaja Super Mario 3D Land, Desemba ikaja Mario Kart 7. Bei nafuu, gemu na msimu vikakutana. Waliotangulia kununua walipewa gemu 20 za zamani bure, jambo la haki kabisa kwa watu waliolipa bei ya juu. Gharama yake haikuwa ndogo: kwa muda kila konsoli iliuzwa chini ya gharama ya kuitengeneza, na kampuni ikafunga mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 ikiwa na hasara ya yen bilioni 43.2, ingawa nguvu ya yen dhidi ya dola ilichangia pia. Mwishowe 3DS iliuzwa karibu milioni 76.

Sony iliingia katika dirisha hilo hilo na PlayStation Vita, Japani tarehe 17 Desemba 2011. Bei ya Marekani, dola 249.99, ilionekana ya kawaida kwa mashine yenye nguvu kiasi kile. Tatizo lilikuwa kadi ya kuhifadhia data, ambayo ilikuwa ya aina ya Sony pekee. Ile ya GB 32 iliuzwa dola 99.99, kwa hiyo aliyetaka nafasi ya kutosha alifika dola 350 kabla ya kununua gemu hata moja. Isitoshe, wiki moja kabla ya uzinduzi wa Japani, Monster Hunter, mfululizo wa gemu ulioibeba PSP, konsoli ya mkononi ya Sony iliyotangulia Vita, nchini humo, ulitoka na gemu mpya kwenye 3DS. Sony ilishusha bei Japani Februari 2013, na Marekani Agosti mwaka huo. Kufikia hapo studio nyingi kubwa zilikuwa zimeshaelekeza nguvu kwingine.

Je, Machi ni mwezi mbaya wa kuzindua? Switch ya Nintendo, inayochezwa mkononi na hata kwenye televisheni, ilitoka tarehe 3 Machi 2017 kwa dola 299.99, ghali kuliko 3DS ilivyokuwa. Siku hiyo hiyo ilitoka The Legend of Zelda: Breath of the Wild, na Oktoba ikafuata Super Mario Odyssey. Krismasi ya kwanza iliikuta Switch ikiwa na bei ile ile iliyoanza nayo.