HAKI YA NJIA NA USALAMA WA BARABARA ZETU



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wetu wanajua kuwa Mtume (s.a.w.) alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika matawi ya imani. Wanajua pia kuwa masahaba waliozoea kukaa njiani aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuacha maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Haya tunayahifadhisha kila mwaka. Lakini tukiulizwa mfano wa udhia, wengi wetu hutaja mwiba, jiwe na ganda la ndizi. Hapa Dar es Salaam udhia mkubwa wa njia ni gari liendalo mbio mahali wanapopita watu, na huo hauondolewi kwa mkono kama mwiba. Unaondolewa kwa namna barabara yenyewe inavyotengenezwa.

Tuanze na hesabu, maana ni nyepesi na kila mwanafunzi anaiweza. Gari liendalo kilomita 30 kwa saa hupita kiasi cha mita 8 kila sekunde. Liendalo kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu nchini Tanzania, hupita karibu mita 14. Sasa mtoto anafuata mpira, anatokea mita 14 mbele ya gari. Dereva, hata akiwa makini, huchukua kama sekunde nzima kuona, kuelewa na kukanyaga breki. Yule wa 30 atakuwa amekwenda mita 8, na kwenye lami kavu breki zitamsimamisha baada ya mita 5 nyingine hivi. Atasimama, mtoto yuko mbele yake salama. Yule wa 50 mguu wake ndio kwanza unagusa breki, na tayari amemfikia mtoto kwa kasi ile ile. Dereva ni mmoja, mtoto ni mmoja, kilichobadilika ni mwendo tu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Huo ndio umri wa madrasa yetu, kuanzia wa alifu hadi walimu wasaidizi.

Mtu atasema basi liwekwe bango la 30 na mambo yaishe. Hayaishi. Dereva husoma barabara kabla ya kusoma bango. Akiona lami pana, iliyonyooka, kona zake zimekatwa kwa duara kubwa, mguu wake unakanyaga mafuta hata kama moyo wake ni mwema. Barabara ikipunguzwa upana, kona ikabanwa ili asiweze kuikata bila kupunguza mwendo, na kivuko kikanyanyuliwa kama tuta bapa ili gari lipande na kushuka, atakwenda polepole hata kama hakuna trafiki anayemtazama. Barabara kubwa ya njia mbili hufaa iwe na kisiwa katikati, mwenye kuvuka avuke upande mmoja, apumzike, atazame tena. Mzee mwenye mkongojo anakihitaji kisiwa hicho kuliko sisi.

Mwenye baiskeli naye ana hesabu yake. Yeye huenda kilomita 15 kwa saa hivi, tena wengi wao wamebeba mkaa, mikate au madumu ya maji. Mtaani ambako magari yanakwenda taratibu anaweza kuchanganyika nayo. Kwenye barabara ya mwendo mkubwa lazima apewe njia yake yenye ukingo unaozuia gari kuingia. Mstari wa rangi peke yake haumzuii mtu wa daladala, wala bodaboda.

Mfano tunao Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, barabara hiyo ilikuwa imegawanywa upya kutoka Kimara kuelekea Kivukoni na Kariakoo: mabasi yana njia zake katikati, magari mengine pembeni yake, kisha wenye baiskeli na waenda kwa miguu. Mabasi yaliwekwa katikati kwa sababu pembeni yangekutana kila mara na magari yanayoingia mitaani na yanayosimama ovyo. Ni mpango mzuri. Lakini tazama lililofuata: kituo kikiwa katikati, kila abiria analazimika kuvuka nusu ya barabara anapokwenda na anaporudi. Kwa hiyo usafiri ule hauwi salama kwa ubora wa basi, bali kwa ubora wa kivuko. Daraja la juu wengi hulipenda kwa kuwa linaonekana kubwa, lakini mama mjamzito mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi hapandi ngazi zile mara mbili kwa siku. Atapita chini. Sisi tunaona ni bora magari yasimame kwa taa kuliko yeye apande.

Kuhusu shule, lipo jambo la kutia moyo. Shirika la Amend lilianzisha Dar es Salaam mradi uitwao SARSAI wa kutengeneza njia za kwenda shule za msingi: njia ya miguu, matuta, vivuko, nguzo fupi za kuzuia magari, na pengine kuhamisha geti la shule lisitokee barabara kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa majeruhi walipungua kwa kiasi cha robo kati ya watoto wa shule zilizotengenezewa. Mwaka huo huo mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Kazi hiyo ilihitaji saruji, rangi na watu wa kwenda kutazama watoto wanapita wapi.

Sasa tuje kwetu, maana si kila kosa ni la dereva na serikali. Wanafunzi wa fiqhi wamesoma katika mlango wa sulhu, kwenye Matn Abi Shujaa, kuwa mtu anaruhusiwa kutoa roshani juu ya njia ya watu wote kwa sharti isimdhuru mpitaji. Imamu Nawawi katika Minhaj amekwenda mbele zaidi, akaharamisha kujenga baraza ndani ya njia hiyo. Na imesihi kuwa Mtume (s.a.w.) aliamua wanaogombana juu ya upana wa njia waiachie dhiraa saba, ambazo ni zaidi ya mita tatu. Tupite basi mitaa yetu tutazame uzio uliosogezwa, ngazi ya duka iliyofika kwenye mtaro, gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu wakati wa swala ya Ijumaa. Mtoto anayeikuta njia yake imezibwa hushuka barabarani, na akigongwa tunasema ni qadar. Ni qadar kweli, lakini aliyeziba njia ataulizwa.

Kwa upande wa madrasa, vipindi vya baada ya Maghrib ndivyo vinavyotutia wasiwasi, kwani watoto hutoka gizani, wasichana wengi wakiwa na mabuibui meusi. Tunaomba wazazi wawaweke kitambaa cheupe au cha kung'aa kwenye mikoba, na watoto wa mtaa mmoja watembee pamoja na mkubwa wao. Kuweka matuta ya kifusi wenyewe tunakataza. Pikipiki huanguka usiku, na gari la wagonjwa huchelewa. Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA na zile kuu chini ya TANROADS, na maombi yetu hupitia serikali ya mtaa. Kwa hiyo wanafunzi wa darasa la juu watahesabu kwa siku tatu watoto wanaovuka mbele ya lango na sehemu wanapovukia, wachore ramani yake, na kamati ya wazazi iiambatanishe na barua ya kuomba kivuko chenye tuta na taa.

Wabillahi tawfiq.