Ushindi wa Gari Huanzia Gereji

Mpenzi wa mbio za magari anayeishi Shinyanga, Kahama au Geita hana uwanja wa kwenda Jumapili. NASCAR ya Wamarekani, yenye magari ya sura ya kawaida yanayozunguka uwanja wa lami kwa mamia ya kilomita, ataishia kuitazama kwenye televisheni. Lakini kama anachotaka ni kuona kazi ya nyuma ya pazia, gari likiwa juu ya stendi na mafundi wakiwa chini yake, safari si ndefu kama anavyodhani. Atapanda basi hadi Mwanza, apite Musoma na Sirari, avuke kwenda Isebania, Kisii na Narok, kisha Naivasha. Huko ndiko mashindano ya magari ya Safari Rally yalikoweka makao yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021.

Akifika, asikimbilie porini kusubiri vumbi. Huko gari humpita kwa sekunde chache tu, kisha yeye hubaki akikohoa. Aanzie kwenye uwanja wa servisi, ambako gari lilelile husimama, hufunguliwa na kufanyiwa kazi mbele ya macho yake. Mimi kama fundi nasema mshindi wa mashindano haya huanza kutafutwa hapo.

Safari na NASCAR zina asili inayofanana. NASCAR iliundwa mwaka 1948 kwa wazo la kushindanisha magari ambayo mtu yeyote angeweza kuyanunua. Miaka mitano baadaye, Eric Cecil, aliyewahi kushindana kwenye uwanja wa Langa Langa karibu na Gilgil, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Coronation Safari. Ilifanyika mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kutoka dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa bei zake.

Barabara za wakati huo zilikuwa mtihani wenyewe. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho, na mwaka 1968 yakafika 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Katikati, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, naye akiwa na Peugeot 404. Kulikuwa na magari yenye kasi kuliko hiyo, lakini 404 ilivumilia.

Siku hizi gari ni mtambo maalumu wenye injini ya lita 1.6 na turbo, na linaendeshwa kwa magurudumu yote manne. Uvumilivu wake sasa unategemea ratiba. Asubuhi mafundi hupewa dakika 15 za kulikagua. Jioni, baada ya vipande vyote vya mashindano vya siku hiyo, hupewa dakika 45. Gari likichelewa kutoka, kila dakika moja ya kuchelewa ni sekunde 10 za adhabu. Likishatoka huingizwa kwenye eneo linalofungwa, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa hadi asubuhi. Likiharibika njiani wakati wa mashindano, dereva na msoma ramani wake ndio watakaolitengeneza, kwa spana na vipuri walivyobeba ndani.

Mshabiki asogee karibu na kamba jioni gari linapoingia. Sakafu imetandikwa, jeki ziko mahali pake, vipuri vimepangwa kwa mfuatano wa kufungwa. Gari linanyanyuliwa, tairi nne zinatoka, na kila fundi anakwenda kwenye kona yake bila kuambiwa. Tope linakwanguliwa kwanza ili ufa uonekane. Shokapu inafunguliwa na kufungwa nyingine, ingawa hiyo iliyotoka haivuji na haijapinda. Giaboksi nzima inaweza kushushwa na kupandishwa nyingine kabla muda haujaisha. Nati ikishakazwa kwa kipimo chake, inachorwa mstari wa rangi. Atakayekagua atajua kwa kuutazama mstari tu kama nati imelegea.

Wengi huuliza: kwa nini kutoa shokapu nzima? Kazi ya shokapu ni kutuliza springi, na hufanya hivyo kwa kusukuma oili ipite kwenye matundu membamba. Nguvu yote ya tairi kupanda na kushuka kwenye mawe inageuka joto ndani ya ile oili. Joto likizidi, oili inakuwa nyepesi na kutoa povu, shokapu inapoteza nguvu, tairi inaanza kurukaruka badala ya kushika ardhi. Kinachofuata ni kuvunjika, na kuvunjika hakuchagui wakati. Mwaka 2021 dereva Thierry Neuville aliamka siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Asubuhi hiyohiyo shokapu ya nyuma ikavunjika, mashindano yake yakaishia hapo, na Sébastien Ogier akachukua ushindi.

Adui wa pili ni vumbi. Kwenye kipande cha Kedong kuna udongo laini kama unga, na gari huzama humo hadi kwenye bampa. Injini yenye turbo hufyonza hewa nyingi, na hewa ikija na vumbi, chembe za mchanga zinakwangua silinda na ringi. Ndiyo maana magari ya Safari hufungwa bomba la kuvutia hewa kutoka juu, usawa wa paa, ambako vumbi ni pungufu na maji ya mto hayafiki.

NASCAR wanafanya kazi ya aina hiyohiyo kwa mwendo mwingine. Gari linasimama pembeni katikati ya mashindano, mafundi watano wanaruka ukuta, na katika sekunde kumi na kidogo limebadilishwa tairi na kujazwa mafuta. Pale nako kila mtu anajua kazi yake kabla gari halijasimama.

Hapa kwetu ufundi wa namna hii upo, tena karibu. Katika mgodi wa Geita, uliofunguliwa rasmi mwaka 2000, malori yanayobeba zaidi ya tani 100 za mawe kwa mpigo huingia karakana kwa kufuata saa za injini. Lori hutolewa kazini likiwa bado linatembea. Oili yake huchukuliwa sampuli na kupimwa. Chembe za chuma au shaba zikiongezeka, fundi anajua ni sehemu gani inalika. Silika ikiongezeka, anajua vumbi limepata pa kupenya.

Toka nje ya geti la mgodi ukutane na michomoko na Noah za abiria. Barabara ya vumbi ni ileile, na mafundi wengi ni wazuri, wengine walipita hukohuko migodini. Tofauti iko kwenye hesabu. Dereva anadaiwa na tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya kila siku, na siku ya gereji haina hesabu. Kwa hiyo bushi inalia mwezi mzima, ea klina inapigwapigwa kwenye tairi na kurudishwa, boljoint inasubiriwa hadi ichomoke, wakati mwingine ikiwa na abiria. Wote wawili wanaona wameokoa siku moja. Baadaye wanalipa siku tatu, pamoja na gharama ya kuvuta gari.

Kwa hiyo cha kuiga Naivasha hakihitaji spana za bei kubwa. Waandaaji wa Safari wameweka dakika za servisi ndani ya ratiba yenyewe, na dereva haombi ruhusa kuzipata. Mwenye mchomoko anaweza kufanya vivyo hivyo: mkataba wa hesabu uwe wa siku sita, ya saba iwe ya gereji na ijulikane hivyo tangu mwanzo. Ndani ya gari kuwe na daftari la kilomita linaloonyesha ni lini oili, ea klina, shokapu na boljoint zilibadilishwa, na ni lini zitabadilishwa tena. Kiangazi, vumbi linapokuwa jingi, ea klina ikaguliwe kila wiki. Nati za magurudumu na za miguu ya gari zikikazwa, zichorwe rangi. Kopo moja dogo linatosha magari mengi.

Tajiri atakayekataa utaratibu huu hataikwepa siku ya gereji. Barabara ndiyo itakayompangia tarehe, na bei.