Gurudumu Linapolia Njiani Kwenda Muleba

Katika matatizo yote yanayoweza kumpata mwenye gari, hakuna lizualo ubishi kama mlio usiojulikana utokako. Gari lililokataa kuwaka limekataa, na kila mtu analiona. Lakini mlio wa gurudumu una tabia ya mtoto alialaye usiku kucha, kisha akifikishwa zahanati asubuhi anacheka na kucheza. Baba huusikia kuanzia Kemondo hadi Muhutwe. Anaporudi mjini Bukoba na kumpa fundi gari alizungushe gereji, hausikiki hata kidogo. Matokeo yake ni mawili: ama fundi anabadilisha vyuma kwa kubahatisha, fedha za karo zikaondoka, ama mwenye gari anaongeza sauti ya redio na kuendelea na safari zake. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi, kwa maana katika milio ya magurudumu imo michache ambayo mwisho wake ni gurudumu kung'oka gari likiwa mwendoni na watoto wamo ndani.

Safari ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, ambayo ni zaidi ya kilomita 60, ni mahali pazuri mno pa kuufanyia mlio uchunguzi. Ina lami ndefu, ina vilima na kona, na pembeni yake ziko barabara za udongo mwekundu ziendazo vijijini. Kila aina ya njia humlazimisha mshitakiwa wake kusema.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kosa ni la gurudumu kweli. Simamisha gari, weka frii, kisha kanyaga mafuta. Mlio ukisikika ilhali gari limesimama, gurudumu halina hatia. Tafuta kwenye injini na mikanda yake. Lakini ikiwa mlio huanza pale tu gari linapotembea, na hupanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa gari bila kujali ni gia ipi imetiwa, basi elekeza masikio chini. Wako madereva wanaofanya jaribio hili kwa kuliacha gari liserereke frii kwenye mteremko. Msomaji, usithubutu kufanya hivyo katika mteremko wa Nyangoye wala mwingine wowote. Tafuta mahali tambarare pasipo na magari mengi.

Jambo la pili ni kuuita mlio kwa jina lake. "Gari linalia" si maelezo yanayomsaidia fundi. Je, linavuma, linagonga, linakwaruza, au linatoa sauti ya "ta-ta-ta"? Hulia lini: likiwa limenyooka, likikata kona, likipita kwenye shimo, au breki zikikanyagwa? Mama aliyeketi upande wa abiria, au mtoto aliyeko nyuma, mara nyingi husikia vizuri zaidi kuliko dereva, kwa sababu macho na akili yake haviko barabarani. Sauti nayo husafiri ndani ya bodi ya chuma. Huweza kuzaliwa gurudumu la nyuma kushoto ikasikika kana kwamba iko miguuni mwa dereva.

MVUMO

Mvumo mzito, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, una watuhumiwa wawili wakubwa: tairi na beringi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwani watu hununua beringi mpya na mvumo ukabaki palepale. Tairi iliyolika vibaya, yenye meno yaliyopanda na kushuka, huvuma karibu sawa na beringi iliyochakaa. Namna ya kuzitenganisha ni hii: tairi hubadili sauti yake pale barabara inapobadilika. Ukitoka kwenye lami mbovu ukaingia kwenye lami laini, au ukaacha lami na kuingia kwenye udongo, mvumo wa tairi hubadilika mara moja au hufifia. Beringi haijali sana unakanyaga nini. Njia nyingine isiyo na gharama ni kuhamisha tairi za mbele zikaenda nyuma, na za nyuma zikaja mbele. Mvumo ukihama pamoja nazo, mkosaji amepatikana.

Beringi yenyewe hujitoa katika kona. Gari linapokata kulia, uzito hulalia magurudumu ya kushoto. Likikata kushoto, uzito huenda kulia. Kwa hiyo, mvumo ukizidi unapokata kulia na kupungua unapokata kushoto, shuku kwanza beringi ya kushoto. Si kanuni isiyo na kasoro, lakini mara nyingi huongoza njia. Msukumo huo wa ubavuni ndio uliomsumbua Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, hata mwaka 1898 akapata hataza ya beringi yenye vyuma vilivyochongwa upande mmoja kuwa vyembamba, ili ibebe mzigo wa juu na wa ubavuni kwa pamoja. Beringi za jamaa hiyo ndizo zilizokuwamo katika Land Rover za zamani. Fundi aliweza kuzifungua, kuziosha, kuzijaza grisi na kuzikaza upya. Katika magari mengi madogo ya siku hizi beringi hufungwa kabisa kiwandani. Ikishaharibika hubadilishwa nzima, na anayekuambia ataipaka grisi ikapona anakuchelewesha tu.

Kinachoua beringi mapema ni maji na mchanga. Bukoba ni mji wa mvua nyingi, na vijito vya Muleba vikijaa hupita juu ya barabara ndogo. Gurudumu lililopata moto kwa mwendo mrefu likitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia mpira wa kuzuia grisi, hasa mpira huo ukiwa mkuukuu. Mvumo hausikiki siku hiyo. Huja wiki kadhaa baadaye, mtu ameshasahau mto wenyewe.

Kwa kuthibitisha, gari linapaswa kuinuliwa. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, tandika ubao chini ya jeki kwani udongo wetu mwekundu ukilowa hauaminiki, na mtu asiingize hata mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi au kiungo cha chini kimelegea. Shika kushoto na kulia. Likicheza huko tu, tazama vyuma vya usukani. Kisha lizungushe taratibu huku kiganja kingine kimeshika springi. Beringi iliyokwisha hutetemesha springi kama kwamba kuna changarawe ndani, hata kama sikio halisikii kitu.

MILIO MINGINE

Mkwaruzo wa asubuhi, baada ya gari kulala mvuani, usikutie hofu. Ni kutu nyepesi juu ya diski za breki, nayo huondoka ukifunga breki mara chache. Mkwaruzo mkali unaoanza ghafla baada ya kupita barabara ya changarawe mara nyingi ni kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati lake la kukinga vumbi. Lakini sauti ya chuma kusaga chuma unapokanyaga breki ina maana kwamba pedi zimekwisha, na hapo gari lisiondoke.

Sauti ya "ta-ta-ta" unapokata kona kali, katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ni ya kiungo cha ekseli. Inama uangalie kile kifuko cha mpira: kikichanika, grisi hutoka na mchanga huingia. Mgongo katika mashimo ni wa bushi au shokapu.

Mmoja nimeuacha wa mwisho kwa makusudi: mgongo wa polepole, mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu, unaofuatana na usukani kutikisika. Huu hautaki uchunguzi wa siku mbili. Simama pembeni pale pale, kwani yamkini nati zimelegea. Hutokea zaidi baada ya tairi kubadilishwa, kama udongo au kutu ilibaki kati ya rimu na habu, au nati zilikazwa kwa kufuata duara badala ya kwa mkingamo, moja na iliyo mkabala wake. Mafundi hushauri zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Aliyebadilisha tairi Bukoba asubuhi, basi, anapofika stendi ya Muleba atoe spana kabla ya kuagiza chai.