KUONJA NA KUPIMA WANZUKI



Asali ya Mlele na Mpimbwe hupokewa chamani kwa mizani. Wanzuki itokanayo na asali hiyo hiyo hupimwa kwa mdomo peke yake, na mara nyingi kwa mdomo wa mtu aliyekwisha kunywa. Kwa kuwa vikundi vya akina mama wapika pombe ni wanunuzi wa asali yetu, inafaa tufahamu pombe njema ni ipi, na mbaya imeharibiwa na nini.

Wanzuki ni asali iliyochanganywa na maji na kuachwa ichachuke. Hamira hula sukari, ikatoa kileo na hewa. Asali iliyoiva haichachuki, kwa maana maji yake ni machache. Kanuni ya kimataifa ya Codex huruhusu maji yasiyozidi asilimia 20. Asali iliyorinwa katika masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta huwa na maji zaidi, nayo huchachuka yenyewe ndani ya ndoo. Katika chama kimoja nilichokikagua, ndoo mbili za asali ya namna hiyo zilimiminwa katika pipa la asali safi. Asali nyepesi ilielea juu, ikaanza kutoa povu, na mnunuzi akalikataa pipa zima. Wanachama waliorina vizuri walikosa malipo pamoja na waliorina vibaya. Ndoo zile zingeuzwa mapema kwa wapika pombe, kwa bei ya chini iliyo wazi, hasara isingetokea.

Sasa kuonja. Vikombe viwe vya kioo, vioshwe bila sabuni yenye manukato, na kila pombe ipewe namba. Katibu peke yake ajue namba ipi ni ya nani. Nasema hivi kwa sababu nami zamani nilipata kuisifu pombe ya mke wa mwenyekiti kabla sijaimeza. Kila mwonjaji aandike maoni yake kabla ya mtu yeyote kusema neno. Ianze iliyo nyepesi, iishie iliyo kali, na kati yake mtu asukutue kwa maji na kutafuna ugali mkavu. Pombe sita kwa kikao kimoja zatosha. Baada ya hapo ulimi husifu kila kitu.

Pua itangulie. Wanzuki ya asali halisi hubakiza harufu ya maua ya miombo hata baada ya utamu kwisha. Iliyorefushwa kwa sukari ya dukani ina ukali, lakini harufu hiyo haipo, nayo hupita mdomoni kama maji. Harufu ya siki huonyesha kwamba chombo kilikaa wazi na hewa ikaingia. Harufu ya moshi haitoki daima kwa mpikaji: yaweza kuwa ya mrinaji aliyeuchoma mzinga kwa mwenge badala ya kuufukiza taratibu, na hapo lawama impate yeye.

Kila pombe ihukumiwe kwa jadi yake. Mbege ya Kilimanjaro hutakiwa uchungu wa gome la msesewe, na komoni hutakiwa uzito wa nafaka. Kuidai wanzuki iwe nzito kama komoni ni kumwonea mpikaji. Utamu nao usiwadanganye waonjaji. Pombe tamu sana yaweza kuwa changa tu.

Yako mambo mawili ambayo hayapewi alama, bali pombe humwagwa. La kwanza ni gongo iliyotiwa ndani kuongeza nguvu. Koo likiungua kuliko kawaida ya wanzuki, temeni, msimeze. Gongo isiyopimwa yaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. La pili ni chombo. Wengi wetu tunalima tumbaku, na madumu ya dawa zake yamezagaa majumbani. Dumu hilo halitakati kwa kuoshwa, wala sumu yake haionjeki daima. Debe lililopakwa zinki nalo halifai, maana uchachu huila zinki na kuiingiza katika pombe.

Kwa hiyo kabla ya kikombe cha kwanza waonjaji waombe kuonyeshwa chombo kilichotumika. Mpikaji akikataa kukionyesha, namba yake iondolewe mezani.