Jina la Ntare

Katika nchi ya Buha, yaani Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Kigoma, yapo majina tuyasikiayo kila siku. Bukuru na Butoyi, kwa mfano, hupewa mapacha: wa kwanza ni yule aliyetangulia kuzaliwa, wa pili ni yule aliyemfuata. Lakini mtoto wa kiume aitwaye Ntare ni adimu. Sisi walimu twaweza kuita majina ya darasa zima tusilikute.

Maana yake si fumbo. Kwa Kiha simba ni intare. Jina la mtu huacha ile irabu ya mwanzo, likabaki Ntare. Wanyankole wa Uganda nao humwita simba entare, na wafalme wao kadha waliitwa Ntare. Shule ya Ntare ya Mbarara, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina jina hilo.

Basi kwa nini ni adimu, na simba husifiwa kila mahali? Sababu tuionayo ni kiti cha enzi. Huko Burundi, majirani zetu, wafalme walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Wa kwanza wao alikuwa Ntare Rushatsi, na baadhi ya masimulizi ya Warundi husema kwamba alitoka huku kwetu Buha. Wa mwisho, Ntare wa Tano, alitwaa ufalme mwaka 1966, akapinduliwa mwaka huo huo, akauawa mwaka 1972. Nani angempa mwanawe jina zito namna hiyo pasipo kufikiri?

Kwetu Kasulu jina hili lilichukuliwa hata na mwanamke: Mwami Theresa Ntare, aliyetawala Heru zamani za Waingereza. Jina la utawala, twaona, halikuulizia ume wala uke.

Vyeo vya machifu vilifutwa Tanganyika mwaka 1963. Tangu hapo mzazi apendaye aweza kumwita mwanawe Ntare kwa ajili ya ushujaa tu, kama vile wengine wawaitavyo watoto wao Leo kwa Kilatini, au Asad kwa Kiarabu. Yote mawili ni simba.

Nawe mwandishi wa daftari, andika Ntare. Watu wa pwani hupenda kuandika Mtare, na hilo si neno la Kiha.