Siku ya Mapumziko Kambini

Mzazi wa Kapsoya, ukimtembelea mwanao katika kambi ya riadha likizo hii siku ya mapumziko, usianze kwa kumwuliza amekimbia kilomita ngapi. Mtazame kwanza anavyotembea.

Kambi za wanafunzi si jambo geni kwetu. Bruda Colm O'Connell alianzisha yake mjini Iten, si mbali na hapa Eldoret, mwaka wa 1989. Linalosahaulika ni kwamba mwili hujijenga ukipumzika. Mfupa unaogonga barabara kila siku hupata nyufa ndogo sana, na usipopewa nafasi ya kuziziba, nyufa hizo huzidi.

Lakini mwanafunzi hasemi, maana anaogopa kuachwa nje ya timu. Basi bonyeza muundi wake taratibu kwa kidole. Akishtuka kwa uchungu mahali pamoja tu, au kama uchungu humwamsha usiku, aache kukimbia na umpeleke kwa daktari. Eksrei ya wiki za kwanza huenda isionyeshe kitu. Hiyo si ruhusa ya kurudi mazoezini. Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu naye apimwe. Wapo wanaosema ni dalili ya mazoezi mazuri. Sivyo: mara nyingi chakula hakimtoshi, na mifupa yake inadhoofika.

Siku hiyo ale ashibe, anywe maziwa yaliyochemshwa, kisha alale. Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Na kule kucheza kandanda na wenzake mchana kutwa, ati wanajiburudisha, ni mazoezi vilevile.