Jinsi Seli Inavyofikisha Protini Mahali Pake

Mzigo wa dagaa ukiletwa stendi ya Nyegezi bila kuandikwa jina la mji, wapakiaji hawawezi kujua kama unakwenda Shinyanga au Tabora. Protini nayo ina anwani, ila anwani yake ni sehemu ya mzigo wenyewe: mfuatano mfupi wa asidi amino unaoitwa ishara. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua jambo hili.

Watahiniwa wengi huandika kwamba kiini ndicho "kinachotuma" protini. Si kweli. Kiini hutoa maelekezo ya kuitengeneza. Kazi hufanywa na ribosomu katika saitoplazimu. Protini isiyo na ishara yoyote hubaki humo humo. Yenye ishara ya mitokondria hukamilishwa kwanza, kisha hupenyezwa kwenye tando ikiwa imenyooshwa kama uzi, na ishara hukatwa ikishaingia. Ya kiini hupita kwenye matundu ya utando wa kiini ikiwa imekwisha kujikunja, na ishara yake haikatwi, kwa sababu kiini kikivunjika wakati wa mgawanyiko wa seli, protini hiyo italazimika kurudi tena. Zinazotolewa nje ya seli, kama insulini, huanza safari kwenye retikulamu ya endoplazimu, kisha hupita Golgi.

Mfano mzuri zaidi upo karibu nasi kandokando ya Ziwa Victoria: kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu, hivyo kimelea hakipati msaada wowote wa usafirishaji ndani yake. Hujijengea njia chenyewe. Protini zake nyingi zinazopelekwa kwenye chembe hiyo hubeba ishara ya asidi amino tano, PEXEL, iliyoelezwa mwaka 2004. Protini nyingine, PfEMP1, hufika hadi juu ya chembe na kuifanya inate kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo. Ikinata, haipiti kwenye wengu, ambako ingeharibiwa. Hapo ndipo malaria kali inapoanzia.

Jipime: Protini ya mitokondria ikitengenezwa bila ishara yake, itakutwa wapi? Toa sababu.